Mafundo ya Katani

Kuku wa Mama Ikram aliingia chumbani kwa Mwantumu mara ya tatu asubuhi ile. Alipita palepale apitapo siku zote, kwenye tundu la dirisha, akaruka kitandani, akajikunyata juu ya nepi zilizokwisha kukunjwa. Mwantumu alimfukuza kwa ufagio. Alipoziinua nepi ili azikunje upya alikuta yai, bado lina joto.

"Hata kuku kaona kwako ndiko kwa kuzalia," Mama Ikram alimtania alipokuja kuchukua yai lake. Walikuwa majirani wa miaka minne na walikwisha kuchoka kufichana mambo. "Sasa unalia nini?"

"Nilizifua jana. Nilizifua na juzi."

"Basi zifue na leo, uzoee. Mtoto akija utafua mpaka uombe likizo."

Mwantumu alizifua na siku hiyo.

Tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa dirisha kwa sababu lilikusudiwa liwe dirisha. Mwezi wa tatu mumewe, Zaidi, aliutoboa ukuta wa udongo kwa siku moja, akapima kwa kamba, akasema fremu italetwa wiki ijayo. Zaidi ni fundi wa nyumba, na si fundi wa kubahatisha. Sasa hivi alikuwa Kilole, Korogwe mjini, akijenga nyumba yenye madirisha kumi na moja. Ya kwake huku Kwedimkole, upande wa Handeni, ilikuwa na tundu moja, limefunikwa kwa nje na salfeti ya mbolea iliyopigiliwa misumari juu tu. Mganga hajigangi. Upepo wa Agosti ukivuma, salfeti iliinuka na vumbi likaingia, na kuku naye akaingia nyuma ya vumbi.

Tangu mimba iingie mwezi wa tisa, Mwantumu alikuwa hakai. Alisugua masufuria kwa majivu mpaka ukajiona uso. Alitoa godoro juani, akalirudisha, akalitoa tena. Alihamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, akakiona kimekaa vibaya, akakirudisha. Kule zahanati muuguzi Filomena alimwambia kwamba wanawake wengi huwa hivyo siku zikikaribia, ila asinyanyue vizito. Mwantumu aliitikia vizuri, akarudi nyumbani akahamisha pipa la maji.

Lakini kazi zote hizo, akishazimaliza, hazikumpa raha. Akilala ubavu, macho yake yaliangukia tundu. Pale chini ya tundu ndipo mtoto wake angelazwa, na hakuona namna ya kumleta mtu mpya mahali ambapo kuku anaingia na kutoka bila hodi. Alikuwa ameshikwa na hofu ambayo hata Mama Ikram hakuambiwa: kwamba akijifungua kabla tundu halijazibwa, mtoto hatakaa.

Siku ya tatu ya mayai alimfuata mama mkwe wake uani. Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta mahindi, kanga moja kiunoni na moja kichwani.

"Mama, ninaomba nilizibe lile tundu la chumbani."

Bi Mwanaisha aliendelea kupepeta. "Lizibwe na nani?"

"Nitalikandika mwenyewe. Udongo upo, pale kichuguuni."

"Mwanangu, mwenye mimba iliyoiva hazibi tundu la nyumba anayolala. Nilikwambia ulipofika mwezi wa saba. Kwetu kila kitu kinaachwa wazi. Hata mtungi, kifuniko kinaegeshwa tu. Na fundo halifungwi, njia ya mtoto isije ikafungwa." Aliinua macho. "Ukishajifungua, hata kesho yake, tutaliziba wote wawili."

"Na nyoka je, mama?"

"Nyoka hajaingia tangu mwezi wa tatu, ndiyo aingie leo?"

"Kuku anaingia."

"Kuku haumi."

Mwantumu alisimama pale akijishika kiuno. Bi Mwanaisha aliona jinsi uso wake ulivyoanguka, akalainisha sauti. "Kama mikono inakuwasha, siliba sakafu. Sakafu haina neno."

Kwa hiyo alisiliba sakafu. Ilikuwa imesilibwa Jumatatu.

*

Jioni alimpigia Zaidi. Alimkuta ndiyo kwanza anateremka ngazini.

"Fremu iko wapi?"

"Ipo kwenye mpango."

"Zaidi, mpango huu una miezi mitano. Mimba nayo ilikuwa mpango, lakini yenyewe imefika."

Zaidi alicheka kidogo, akaacha alipoona anacheka peke yake. Hakumwambia yaliyompata asubuhi. Pale kazini kulikuwa na fremu kuukuu ya mninga iliyong'olewa kwenye nyumba ya zamani, imeegeshwa kwenye tangi, inanyeshewa. Zaidi aliizunguka kwa siku nne kabla ya kupata moyo. Mwenye nyumba, Mzee Hiza, mtu wa Bungu aliyestaafu kazi ya serikali, alikuja kukagua, na Zaidi akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Ukuta umenyooka?"

"Umenyooka, mzee. Nilikuwa nauliza, ile fremu pale kwenye tangi... kama haina kazi. Unaweza kuikata kwenye posho yangu."

Mzee Hiza aliitazama fremu kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Ile? Ile nimeiweka kwa ajili ya banda la kuku."

"Sawa, mzee," alisema Zaidi, akavaa kofia yake. Vibarua wawili waliokuwa wakichanganya saruji walijifanya hawakusikia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa, simu ikiwa sikioni, alitafuta pa kujificha na akapapata haraka. "Isitoshe mama amekataza. Tusigombane naye kwa ajili ya tundu. Unajua habari ya dada Munira."

Mwantumu aliijua kama kila mtu alivyoijua: kwamba Munira, dada yake Zaidi, alifia kwenye uchungu katika nyumba hiyohiyo, miaka kumi na sita iliyopita, yeye na mtoto. Zaidi mwenyewe hakuwa na uhakika kama aliamini mambo ya tundu. Ila katazo la mama lilimfaa. Lilikuwa bure, nayo fremu ilikuwa ya fedha.

*

Jumamosi ni siku ya gulio. Bi Mwanaisha aliondoka na kapu lake la mahindi jua halijachomoza vizuri, na alipopotelea kwenye kona, Mwantumu alichukua jembe.

Alichimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata, akaubeba kwa ndoo nusunusu, maana aliahidi zahanati hatabeba vizito. Alimwaga maji, akaukanyaga kwa miguu, akatia majivu. Kisha akachukua fito alizokuwa amezikusanya kidogokidogo kwa wiki mbili chini ya kitanda, akazikingamisha kwenye tundu, wima na mlalo, na kila zilipokutana akazifunga kwa katani. Hakufunga ovyo. Kila fundo alilivuta mpaka katani ikalia, akalirudia mara ya pili. Salfeti ya nje aliiacha ileile, inaning'inia, ili anayepita nyuma ya nyumba asione kilichobadilika.

Alikandika kwa kiganja, donge baada ya donge. Tumbo lilimzuia kusogea karibu na ukuta, ikabidi asimame ubavu. Jasho lilimtiririka, na alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu aolewe. Alipofika kwenye kizingiti cha chini alikiacha kinene, akakifanya kirafu kidogo cha udongo cha kuwekea beseni la mtoto na nepi. Akakilainisha kwa maji na kisogo cha kijiko. Hakuna aliyemwambia afanye kirafu. Mkono wenyewe ulitaka.

Saa nane alitundika kanga juu ya palipokandikwa, ile yenye maneno *Mgeni njoo mwenyeji apone*, akalala mbele ya ukuta wake akautazama. Chumba kilikuwa kimya. Upepo ulipiga salfeti kwa nje, ndani hata uzi wa chandarua haukutikisika.

"Nasikia harufu ya udongo mbichi," alisema Bi Mwanaisha aliporudi.

"Nimesiliba sakafu, mama."

"Tena?"

"Tena."

Bi Mwanaisha akatikisa kichwa, akacheka. Alimpa mkungu mdogo wa ndizi alioununua kwa ajili yake, na Mwantumu akazila kwa aibu.

*

Uchungu ulimwanza Jumatatu alfajiri. Walikwenda zahanati kwa miguu, Mwantumu katikati, Bi Mwanaisha na Mama Ikram huku na huku, wakisimama kila maumivu yalipokuja. Filomena aliwapokea vizuri. Alimpima, akaandika, akasema njia imefunguka sentimita nne, mama apumue.

Saa tatu ilikuwa nne. Saa tano ilikuwa nne. Saa sita Filomena alimpima tena, akavua glovu polepole, akatoka barazani walikokaa wale wawili.

"Mama, uchungu upo, tena mkali, lakini mtoto hasogei. Nimeshapiga simu, gari la wagonjwa linakuja limpeleke mkweo Korogwe. Huenda wakamfanyia operesheni."

Bi Mwanaisha aliinuka. Alivua kandambili mlangoni, akaingia, akainama karibu na uso wa Mwantumu.

"Mwanangu, usinifiche. Nyumbani umefunga kitu?"

Mwantumu alifumba macho. Maumivu yalikuja, yakapita, na mama mkwe alisubiri.

"Nililiziba, mama. Jumamosi."

"Kwa udongo tu?"

"Na fito. Nilifunga fito kwa katani."

"Ulifunga mafundo," alisema Bi Mwanaisha. Hakupaza sauti. Mwanamke mwingine aliyekuwa kitanda cha pili na dada yake aliyekuja kumtazama walisikia yote, na dada yule akamtazama Mwantumu kwa jicho la kumhurumia na kumlaumu kwa pamoja. "Mangapi?" aliuliza mama mkwe.

"Sijui. Mengi."

Bi Mwanaisha alijifunga kanga kiunoni. Filomena alimwita, akamwambia gari likifika lazima ndugu aende na mgonjwa, lakini mzee alikuwa ameshashuka ngazi, na Mama Ikram nyuma yake, akimwomba apunguze mwendo.

Gari lilifika baada ya robo saa. Hapo ndipo Mwantumu alipokataa kupanda.

"Siendi," alisema. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili. "Mama akafungue kwanza. Akishafungua nitazaa hapahapa."

"Dada, mtoto anachoka," alisema Filomena. "Ukikaa hapa nitawapoteza wote wawili."

"Nimemfungia mwenyewe, nesi. Kwa mkono wangu."

Filomena alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile. Alijua kwamba hapo hakuna maneno ya kwenye chati yatakayofaa. Alichukua simu ya mgonjwa, akatafuta jina la mume.

*

Zaidi alikuwa juu ya ukuta, na chini yake zege la linta ya madirisha limekwisha kuchanganywa. Alimsikiliza muuguzi mpaka mwisho.

"Subiri kwanza nimuulize mama," alisema.

"Mama yako amekwenda nyumbani kubomoa ukuta," alijibu Filomena. "Nakuuliza wewe."

Zaidi alitazama chini. Vibarua walikuwa wakimtazama na karai mikononi. Kwa miaka yote ya ndoa yake, neno gumu lilisemwa na mama, yeye akawa mtu wa kulipeleka tu. Sasa hapakuwa na wa kulisema ila yeye.

"Nipe niongee naye."

Filomena aliweka simu sikioni mwa Mwantumu.

"Nimeliziba," Mwantumu alisema kabla hajaulizwa.

"Nimesikia. Nisikilize, Mwantumu. Lile tundu nililitoboa mimi. Ningeleta fremu mwezi wa tatu, usingekuwa na cha kuziba. Mama hakunizuia mimi, nilikuwa sina fremu tu, nikamsingizia. Kama kuna lawama, ni yangu. Wewe panda gari. Utanikuta mlangoni pa hospitali."

Kwenye simu alisikika akipumua, kisha akilia maumivu, kisha chuma cha kitanda kikilia alipokiachia.

Filomena alipanda naye yeye mwenyewe. Zaidi alishuka ngazi, na Mzee Hiza, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi, akauliza na zege je.

"Mke wangu yuko kwenye uchungu, mzee, analetwa hospitali. Nisamehe."

Mzee Hiza alilitazama zege, akaitazama saa yake. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye ile fremu, akawaambia vibarua wampe mwiko. Zaidi hakusubiri kuona angeushika vipi.

*

Kule Kwedimkole, Bi Mwanaisha aliiondoa kanga ukutani, akausimamia ukuta. Alijua kukandika tangu utotoni na aliijua kazi nzuri akiiona. Alipitisha kiganja. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

Alianza kuubandua udongo kwa ncha ya jembe, polepole, kwa sababu alichotaka si kubomoa. Ulikuwa umeshakauka na kushikana na fito, ikabidi aumwagie maji na kuukwangua kwa vidole. Mafundo yalipojitokeza alipiga magoti, akaanza la kwanza.

"Nikuletee kisu, mama," alisema Mama Ikram. "Tuyakate yote mara moja."

"Fundo ukilikata limekatika, halikufunguka."

Alifungua kwa kucha, na palipokataa kucha akatumia meno, akatema udongo. Macho yake hayakuwa mazuri. Kila akimaliza moja alihesabu kwa sauti. Mama Ikram alijaribu kusaidia akashindwa, maana kucha zake zilikuwa fupi na roho yake haikuwa na subira, akabaki kushika ndoo. Kumi, kumi na tano. Jua lilihama kutoka mlangoni.

Lilipofika fundo la ishirini na kitu, Bi Mwanaisha alianza kusema bila kugeuka.

"Munira alikuwa analala humuhumu. Palikuwa na tundu la panya pale pembeni, wanamtembelea mpaka miguuni. Akaniambia, mama, niondolee panya hawa. Nikamhurumia. Mila naijua, nimefundishwa, lakini nikasema tundu la panya si tundu. Nikaliziba kwa mkono huu. Baada ya siku nne akashikwa na uchungu, na hakuzaa." Alivuta katani kwa meno, ikaachia. "Nilikumbuka walipokuwa wamekwisha kumfunika. Yeye sikuwahi kumfungulia."

Mama Ikram aliweka ndoo chini. Kwa miaka yote aliyoishi jirani naye hakuwahi kulisikia jambo hilo, na wala Zaidi hakuwahi kulisikia. Akasema tu, "Pole, mama."

Adhana ya alasiri ililia kutoka msikiti wa barabarani yakiwa yamebaki mafundo tisa. Bi Mwanaisha alisita, akatazama mikono yake iliyojaa udongo na damu kidogo kwenye kucha, akamwomba Mungu amwie radhi kidogo, akaendelea. La mwisho, la arobaini na mbili, lilifunguka jua limeshalegea. Salfeti ikavuma ndani, na vumbi likaingia. Kirafu cha chini hakukigusa. Alikipangusa kwa kanga, akaenda kutia udhu.

Simu ya Zaidi iliingia wakati anatandika msala, kwa maana mtandao wa Kwedimkole nao una siku zake. Mtoto wa kike. Wote wazima. Bi Mwanaisha alikaa chini palepale, akasema alhamdulillahi mpaka sauti ikamwishia.

*

Walirudi siku ya tano. Mwantumu alitembea kwa kujikunja, mkono kwenye mshono, na kitu cha kwanza alichokiona chumbani kilikuwa tundu, wazi kama zamani, na kirafu chake kimebaki chini yake kama meno ya chini ya mtu asiye na ya juu. Kwenye kona kulikuwa na rundo la udongo uliokandwa na fito zilizopangwa. Bi Mwanaisha alikuwa ameahidi kuliziba akijifungua, na alikuwa anasubiri arudi. Zaidi alisema ataleta tofali za kuchoma na kulifunga vizuri.

Majirani walikuja kumwona mtoto. Walikaa kwenye mkeka, wakapokezana mtoto, na Bi Mwanaisha akawahadithia. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha husema.

"Arobaini na mbili, nimeyafungua kwa meno haya. La mwisho kuachia tu, na simu ikaita."

"Mungu mkubwa," walisema wanawake. Mmoja wao, mke wa muuza duka, alimgeukia Mwantumu kitandani. "Ndiyo ujifunze, mwanangu. Wakubwa wakisema, wanasikilizwa. Ungeua kiumbe kwa ajili ya usafi."

Mwantumu alisema, "Ndiyo, mama." Alikuwa amekatwa tumbo, amelala siku nne katikati ya watu asiowajua, amenyonyesha huku mshono ukimchoma, na sasa kwenye kitanda chake mwenyewe alikuwa mtu aliyetaka kuua mtoto wake. Machozi yalimjaa, akayageuzia ukutani. Chini ya mto ilikuwapo karatasi ya hospitali. Aliisoma njia nzima kutoka Korogwe, na alijua ina nini ndani yake. Alingoja.

Wageni walipoondoka na Zaidi kuwasindikiza, Bi Mwanaisha alikunja mikono ya nguo yake, akaanza kukingamisha fito kwenye tundu.

"Mama, naomba nikusomee kitu."

"Soma, mwanangu, nasikia."

Sauti ya Mwantumu ilikuwa na adabu zote, lakini karatasi aliikunjua kwa hasira. "Mtoto wa kike. Kilo tatu na gramu mia nne. Alikuwa amelala kichali, uso juu, ndiyo maana hakusogea. Wameandika. Na amezaliwa saa tisa na dakika ishirini."

Bi Mwanaisha alifunga fundo moja, akashika katani ya fundo la pili.

"Saa tisa," alisema.

"Na dakika ishirini. Mama Ikram kaniambia adhana ya alasiri iliwakuta bado mnafungua. Adhana inalia karibu saa kumi, mama. Mtoto alikwisha zaliwa zamani, na tundu bado lilikuwa na fito. Fito na mafundo yangu ambayo hayajafunguliwa." Alimtazama mtoto. "Sikumfungia mwanangu."

Alingojea kugombezwa. Alikuwa tayari, na maneno mengine alikuwa nayo. Lakini mama mkwe hakugeuka. Katani ilimtoka mkononi. Alishika ukingo wa kirafu, akajishusha mpaka sakafuni, akakaa kwenye udongo mbichi na kanga yake safi.

"Yalikuwa yamebaki tisa," alisema. "Adhana ilinikuta yamebaki tisa."

"Mama?"

"Basi na lile tundu la panya," alisema Bi Mwanaisha, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyepotea gulioni na kuonekana. "Nililiziba mimi. Kwa mkono huu, Munira akiwa amelala hapo ulipolala. Miaka kumi na sita, Mwantumu. Kila nikiutazama mkono huu."

Mwantumu alichelewa kidogo kuelewa, kisha akaelewa yote kwa pamoja, kuanzia kwenye mahindi na kigoda. Hasira aliyoibeba kutoka Korogwe ilimwacha, na mahali pake pakaja huruma iliyomuuma kuliko mshono. Alimlaza mtoto pembeni, akajivuta mpaka ukingo wa kitanda, akanyoosha mkono ukafika begani kwa mama mkwe.

"Si wewe, mama. Si wewe uliyemfungia."

Bi Mwanaisha alilia akiwa ameziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Alilia kwa muda mrefu. Kuku wa Mama Ikram alichungulia tundu, akawaona wawili hao, akarudi alikotoka. Mwishowe Bi Mwanaisha alijifuta uso kwa ncha ya kanga, uso ukawa mwekundu kwa udongo, akaitazama ile karatasi ambayo kwake ilikuwa mistari tu.

"Nionyeshe palipoandikwa."

Mwantumu aliweka kidole. Mama mkwe naye akaweka cha kwake papo hapo, juu ya wino, akakiacha.

"Nisomee tena," alisema. "Anza mwanzo."